Asilimia Ngapi ya Mkono? Ripoti za Madaktari Zinapofika Mbele ya Jaji

Mikono yote miwili ikikatika, sheria ya Kenya inahesabu kwamba mtu amelemaa kwa asilimia 100. Macho yote mawili yakipofuka, ni asilimia 100 vilevile. Hapo hakuna ubishi, kwa kuwa jedwali la kwanza la Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini limeandika hivyo waziwazi. Ubishi huanza pale mtu anapobaki na mkono wake, ila mkono wenyewe haukunjiki tena. Huanza kwa mgongo ambao eksirei haionyeshi ubovu wake lakini ambao haubebi tena gunia la unga. Huanza kwa sikio la fundi aliyesimama miaka mingi kando ya mashine na ambaye sasa anaomba kila neno lirudiwe. Hapo jedwali hunyamaza, na kalamu ya daktari ndiyo huamua.

Sheria hiyo ya mwaka 2007, ambayo wafanyakazi, mawakili na madaktari wote huiita WIBA, hukokotoa fidia ya ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Tumchukulie kibarua wa kiwandani anayepata Sh20,000 kwa mwezi. Mapato ya miezi 96 ni Sh1,920,000. Daktari wa kwanza akiandika kwamba ulemavu ni asilimia 10, fidia ni Sh192,000. Daktari wa pili, aliyeteuliwa na kampuni ya bima, akiandika asilimia 3, fidia inashuka hadi Sh57,600. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna Sh134,400. Ukiitazama hesabu hiyo kwa makini, utaona kwamba kila asilimia moja ni karibu mshahara wa mwezi mzima. Kwa hiyo daktari anayeshusha asilimia saba humwondolea mtu yule karibu mishahara saba, na mara nyingine anafanya hivyo kwa mstari mmoja chini ya fomu, bila kueleza kitu.

Makala haya yanahusu mstari huo mmoja. Mfanyakazi asiyekubaliana nao ana haki ya kupinga, na mwajiri vilevile. Safari ya kupinga huishia mahakamani, mbele ya jaji ambaye hajawahi kushika kiungo cha mgonjwa na ambaye hakusomea mishipa wala mifupa. Jaji huyo anafanya nini na ripoti mbili za madaktari zinazopingana? Swali hili linawagusa watu wengi kuliko tunavyodhani, na jibu lake halipatikani katika vitabu vya tiba.

Njia ya faili

Zamani mambo yalikuwa rahisi zaidi kueleza, ingawa hayakuwa rahisi kuyaishi. Chini ya sheria ya fidia iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, mtu aliyeumia angeweza kwenda kwa wakili, akafungua kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri, na hakimu akasikiliza madaktari wa pande zote mbili kabla ya kutamka kiasi cha fidia. WIBA ilipoanza kutumika mwaka 2008 ilibadilisha mlango. Kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri moja kwa moja kuhusu jeraha la kazini. Badala yake madai hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ofisa wa Wizara ya Leba ambaye makao makuu yake yako Industrial Area jijini Nairobi na ambaye ana maofisa katika kaunti.

Mfanyakazi akiumia humjulisha mwajiri, na mwajiri ana siku saba za kumpasha Mkurugenzi habari. Daktari hujaza sehemu yake ya fomu. Mkurugenzi hupitia tathmini, huangalia mshahara, hufanya hesabu na kumwandikia mwajiri au bima kiasi cha kulipa. Sheria inatoa siku 90 za kulipa. Jambo zuri katika mpango huu ni kwamba mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kuwa mwajiri alizembea. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini. Kwa mtu asiye na pesa za wakili, huo si msaada mdogo.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, awe mfanyakazi au mwajiri, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo. Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu kwa maandishi, akibadilisha uamuzi au akiushikilia, na sheria inamtaka atoe sababu. Anayebaki na manung'uniko ana siku 30 tangu apokee jibu hilo kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yaani mahakama ya leba.

Mpango huo ulipingwa vikali. Chama cha Mawakili cha Kenya kilikwenda Mahakama Kuu kikisema kwamba sheria imempa ofisa wa serikali kazi ya hakimu na kumfungia mwananchi mlango wa mahakama. Mwaka 2009 Jaji Jackton Ojwang alikubaliana nacho na kutangaza vifungu kadhaa kuwa kinyume cha katiba, kikiwemo kile cha 16 na hata kile cha rufaa, cha 52. Kwa miaka iliyofuata mawakili waliendelea kufungua kesi za majeraha katika mahakama za mahakimu kana kwamba WIBA haikuwa na meno. Mnamo Novemba 2017 Mahakama ya Rufani iligeuza sehemu kubwa ya uamuzi ule, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala: vifungu hivyo viko sawa. Kifungu cha 16, majaji walieleza, hakimnyimi mtu mahakama. Kinamwelekeza aanzie mahali pengine kabla ya kufika huko, kwa kuwa rufaa bado ipo mwishoni.

Naukubali uamuzi huo wa 2019, lakini naukubali kwa sharti lililo ndani yake lenyewe. Ikiwa mlango wa mbele umefungwa kwa sababu wa nyuma uko wazi, basi ule wa nyuma lazima uwe wazi kwelikweli. Rufaa ambayo jaji hawezi kuitumia kugundua kosa si rufaa. Na jaji hawezi kugundua kosa katika tarakimu iliyo peke yake. "Asilimia 3" haina kosa wala haina usahihi hadi mtu aeleze alivyoifikia.

Anachokiona jaji

Hebu tufungue jalada la kawaida la rufaa ya aina hii. Kuna fomu ya ofisi ya Mkurugenzi, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza na mara nyingi imejazwa na daktari wa hospitali ya umma aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni. Kuna ripoti ya daktari wa bima, iliyopigwa chapa vizuri, kurasa tatu au nne. Kuna barua ya Mkurugenzi yenye hesabu. Pengine kuna ripoti ya tatu, ya daktari aliyetafutwa na wakili. Madaktari wote wamemwona mtu yuleyule, lakini hawakumwona siku moja. Wa kwanza alimwona kidonda kikiwa bado kibichi. Wa pili alimwona baada ya mwaka mzima.

Wakati huo una maana kubwa. Ulemavu wa kudumu haupimwi mtu akiwa bado anapona. Daktari makini husubiri hadi hali itulie, yaani hadi matibabu yamefanya yanayoweza kufanya, ndipo anapima kilichobaki. Kwa hiyo tathmini iliyofanywa mapema inaweza kuzidisha, na iliyofanywa kwa haraka katika chumba cha bima inaweza kupunguza, na yote mawili yakawa makosa ya njia wala si ya elimu. Jaji hahitaji shahada ya tiba kuuliza: Ulimpima lini? Ulipima kiungo kinakunjika kiasi gani, au ulitazama tu? Ulilinganisha na mkono mwingine ulio mzima? Ulisoma rekodi za hospitali alikolazwa?

Kuna pia swali la kazi. Kupungukiwa kwa mwili na kupungukiwa kwa riziki ni vitu viwili. Kidole cha shahada kisichokunjika humsumbua karani, lakini kwa fundi cherehani wa kiwanda cha nguo pale Athi River kinaweza kuwa mwisho wa ufundi. WIBA imeliona hilo. Kwanza, jeraha lisilotajwa katika jedwali linampa Mkurugenzi kazi ya kukadiria asilimia isiyopingana na mwongozo wa jedwali. Pili, pale jeraha linapomwathiri mtu kupita kiasi kwa sababu ya namna ya kazi yake, Mkurugenzi anaruhusiwa kupandisha asilimia kwa kiwango anachoona ni cha haki. Kipengele hiki cha pili ni hazina, na sijui kwa nini hakitajwi mara nyingi zaidi katika fomu na barua zinazobishaniwa. Daktari hawezi kukitumia, maana si kazi yake kujua fundi anashika mkasi vipi. Ni kazi ya Mkurugenzi. Mkurugenzi asipolizingatia ombi la namna hiyo, hilo ni kosa la kisheria ambalo jaji yeyote anaweza kuliona bila msaada wa daktari.

Hapo ndipo ninapoona mstari wa kweli kati ya kazi ya daktari na kazi ya jaji. Jaji hawezi kusema mkono umelemaa kwa asilimia 7 badala ya 3 kwa sababu yeye anaona hivyo. Kishawishi cha kukata katikati ni kikubwa: kumi kwa huyu, tatu kwa yule, basi tuseme sita na nusu twende nyumbani. Kukata katikati huonekana kama usawa, lakini hakuna daktari hata mmoja aliyesema sita na nusu, na hakuna kipimo kilichoifikia. Linalomhusu jaji ni kama aliyeamua alifuata kipimo kilichowekwa na sheria, kama alisoma ushahidi wote, kama aliwasikiliza wote wawili, na kama alieleza njia aliyopita. Akiona kasoro, anarudisha jalada lipimwe upya kwa njia iliyo sahihi.

Somo kutoka New South Wales

Kuna mahali ambapo majaji wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu na kwa kina kuliko kwetu, nako ni jimbo la New South Wales nchini Australia. Wao na sisi tulirithi mzizi mmoja wa sheria kutoka Uingereza, kwa hiyo hoja zao si ngeni masikioni mwa mawakili wa Nairobi au Mombasa.

Kule, mgogoro kuhusu asilimia hauendi kwa ofisa. Unakwenda kwa mtathmini wa kitabibu, daktari bingwa ambaye si wa mfanyakazi wala si wa bima, aliyeteuliwa chini ya Tume ya Majeraha ya Watu, chombo kilichoanza kazi tarehe 1 Machi 2021 kikichukua nafasi ya tume iliyotangulia. Hutumia mwongozo mmoja ulioandikwa, na hati yake kuhusu kiwango cha ulemavu hufunga pande zote. Uzito wa tarakimu huko ni mkubwa hata kuliko kwetu, kwa sababu kuna vizingiti. Kwa majeraha ya mwili, asiyezidi asilimia 10 hapati fidia ya mkupuo ya ulemavu wa kudumu. Asiyefika asilimia 15 hawezi kumdai mwajiri kwa uzembe. Asiyezidi 20 kwa kawaida husimamishiwa malipo ya kila wiki baada ya miaka mitano. Mtu aliyepimwa akapata 10 kamili huondoka mikono mitupu kwa ulemavu uleule ambao, ukipimwa 11, ungemlipa.

Ndiyo maana kuna jopo la rufaa. Lina madaktari wawili na mwanasheria mmoja. Huwezi kulifikia kwa kulalamika tu kwamba asilimia ni ndogo. Unapaswa kuonyesha moja ya sababu nne: kwamba hali yako imezidi kuwa mbaya, kwamba kuna ushahidi mpya ambao haungepatikana mapema, kwamba mtathmini alitumia vigezo visivyo sahihi, au kwamba hati yenyewe ina kosa lililo dhahiri. Navutiwa sana na ule mseto wa watu watatu. Madaktari wawili wanaweza kumwambia mwenzao kwamba kiungo hicho hakipimwi hivyo, na mwanasheria akawakumbusha wote kile sheria inachouliza.

Baada ya jopo hakuna rufaa ya kawaida. Kinachobaki ni mapitio ya Mahakama Kuu ya jimbo, ambayo huangalia mambo mawili tu: kama jopo limevuka mipaka ya mamlaka yake, na kama kuna kosa la kisheria linaloonekana katika kumbukumbu za uamuzi. Hapa ndipo kuna jambo dogo la kiufundi lililobadilisha maisha ya watu wengi. Sheria ya mahakama hiyo inasema kwamba kumbukumbu za uamuzi ni pamoja na sababu zilizotolewa. Bila maneno hayo, jaji angebaki anatazama tarakimu na sahihi. Kwa maneno hayo anasoma namna madaktari walivyofikiri.

Lakini je, madaktari wanalazimika kuandika sababu? Mwaka 2006, katika kesi iliyohusu Baraza la Mji wa Campbelltown, Mahakama ya Rufani ya jimbo ilijibu kwamba ndiyo: jopo la rufaa la kitabibu linapoamua haki ya mtu linapaswa kutoa sababu, japo si lazima ziwe ndefu kama hukumu ya jaji. Miaka saba baadaye swali lilifika Mahakama ya Juu ya Australia kupitia jimbo jirani la Victoria, katika kesi ya kampuni ya Wingfoot Australia Partners. Mfanyakazi alidai kwamba aliumia shingo kazini mwaka 1996, na jopo la madaktari likakataa kwamba matatizo aliyokuwa nayo baadaye yalitokana na jeraha lile. Mahakama ilisema mwaka 2013 kwamba jopo lazima lieleze njia halisi ya fikra iliyolifikisha kwenye maoni yake, kwa undani wa kutosha kumwezesha jaji kuona kama kuna kosa la kisheria. Wakati huohuo ilisema jopo halilazimiki kueleza kwa nini halikukubaliana na kila daktari mwingine. Jopo linatoa maoni yake kwa ujuzi wake. Halikai kama mwamuzi wa mechi kati ya ripoti mbili.

Mfanyakazi yule alishindwa. Nalitaja hilo kwa sababu kipimo cha haki hapa si kwamba mfanyakazi ashinde. Alishindwa akijua kwa nini, na majaji waliweka kipimo ambacho tangu hapo wafanyakazi wengine wamekitumia kuwashinda waajiri na bima.

Kipimo hicho kinauma zaidi katika suala la majeraha ya zamani. Kila anayejua kesi za migongo anaujua utetezi wa bima: mgongo huu ulikuwa mbovu tangu zamani, ulemavu si wa kazini. Sheria ya New South Wales inaruhusu kukata sehemu ya asilimia inayotokana na jeraha au hali iliyokuwepo kabla, na pale ambapo ni vigumu au ni gharama kubwa kujua sehemu hiyo ni kiasi gani, inachukuliwa kuwa ni moja ya kumi ya ulemavu wote. Baadhi ya watathmini waliona hapo njia ya mkato: umri wa miaka 50, picha inaonyesha pingili zimechakaa, kata. Mwaka 2010, katika kesi ya kampuni iitwayo Wenaline, Mahakama Kuu ilisema hapana. Haitoshi kudhani. Ni lazima ushahidi uonyeshe kwamba hali ile ya zamani inachangia kweli katika ulemavu wa sasa wa mtu huyu. Mtu aliyebeba mizigo miaka 20 bila maumivu, kisha akaanguka ngazini na asiweze tena kuinama, hapunguziwi kwa sababu tu picha ya pingili zake si ya kijana.

Jaji katika kesi ile hakusema mgongo ulikuwa na asilimia ngapi. Aliuliza tu kama swali lililoulizwa na madaktari lilikuwa lile lililowekwa na sheria. Mahakama ikitengua uamuzi wa jopo, kwa kawaida jalada hurudi kwa madaktari ili wapime tena. Mtu anaweza kushinda mahakamani na bado akaishia na asilimia ileile. Wengine huona huo ni upotevu wa wakati. Mimi siuoni hivyo, mradi mara ya pili apimwe na watu wengine wanaojua kwamba watasomwa.

Pengo letu

Tukirudi nyumbani, tofauti ya kwanza inaonekana mara moja. Kati ya daktari aliyejaza fomu na jaji wa mahakama ya leba, Kenya haijaweka jopo huru la madaktari. Pingamizi la mfanyakazi kuhusu jambo la kitabibu linarudi kwa Mkurugenzi, ambaye cheo chake si cha daktari, na ambaye ndiye aliyetoa uamuzi unaopingwa. Anaweza kuagiza mtu apimwe tena, na maofisa wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini daktari wa pili naye ni mtu mmoja na mara nyingine analipwa na upande mmoja. Kwa hiyo ugomvi wa kitabibu unafika mahakamani ukiwa mbichi, na jaji anatakiwa kuupika.

Sidhani dawa yake ni kurudi kwenye kesi za zamani za uzembe, jambo ambalo baadhi ya mawakili bado wanalitamani. Kesi hizo zilichukua miaka, na mfanyakazi aliyeshindwa kuthibitisha uzembe hakupata chochote. Dawa ni kuliweka jopo pale linapokosekana: madaktari wawili au watatu wasiokuwa na uhusiano na bima, wenye mwongozo mmoja, wanaompima mtu wenyewe na kuandika sababu. Tanzania imeanza upande wa madaktari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, umekuwa ukiwafundisha madaktari namna ya kufanya tathmini ya ulemavu, na ulikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Chini ya sheria yao, ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Katika mfumo wa namna hiyo daktari asiyefundishwa kupima anaweza kumhamisha mtu kutoka pensheni hadi malipo ya mara moja bila hata kujua amefanya hivyo.

Hata kabla ya jopo kuja, kuna silaha iliyopo tayari na haitumiki vya kutosha. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wa kisheria, wa busara na wa haki kiutaratibu, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwumiza. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu uamuzi wa haki wa kiutawala imeweka namna ya kuziomba sababu hizo. WIBA yenyewe, katika kifungu cha 52, inamtaka Mkurugenzi ajibu pingamizi na kutoa sababu. Kwa pamoja, vifungu hivi vinatosha kabisa kwa jaji wa Kenya kusema yale waliyoyasema wenzake wa Australia: barua inayosema tu kwamba pingamizi limezingatiwa na uamuzi umebaki vilevile si jibu.

Kuna pengo lingine, na hili linanikera zaidi. Mfanyakazi anaweza kushinda kila hatua na bado asilipwe. WIBA haikueleza wazi jinsi uamuzi wa Mkurugenzi unavyogeuzwa kuwa amri inayoweza kukamata mali ya mwajiri mkaidi. Kwa miaka kadhaa majaji wa mahakama ya leba walitofautiana. Wengine waliupokea uamuzi wa Mkurugenzi na kuutia nguvu ya hukumu, wakisema mwajiri ambaye hakupinga ndani ya siku 60 hana la kujitetea. Wengine walisema kazi yao ni rufaa tu na kwamba sheria haikuwapa mamlaka ya kuanzia hapo. Mtu mwenye mkono mmoja alikuwa akisikia majibu mawili kutegemea mji aliofungulia jalada. Hili halihitaji falsafa. Bunge linaweza kulimaliza kwa kifungu kimoja kifupi.

Lakini hayo ni ya wabunge na majaji. Mfanyakazi aliyeumia wiki hii hawezi kuwasubiri, na jalada ambalo jaji atalisoma baadaye linaanza kujengwa sasa. Atunze karatasi zote za hospitali tangu siku ya kwanza, hata zile za kliniki ndogo ya mtaani. Akiitwa na daktari wa bima aende, lakini aandike tarehe, muda aliokaa ndani, na viungo vilivyopimwa. Akipewa barua ya asilimia asiisaini kwamba ameridhika kabla ya kuelewa inasema nini. Fomu ni za Kiingereza na si aibu kuomba zifafanuliwe kwa Kiswahili. Kama kazi yake inategemea kiungo kilekile kilichoumia, alieleze hilo kwa maandishi kwa Mkurugenzi, akitaja kazi yenyewe na anavyoifanya, ili asilimia yake ifikiriwe kwa kazi hiyo.

Pingamizi lenyewe lisiishie kwenye maneno kwamba fedha ni kidogo. Lionyeshe kilichoachwa: rekodi isiyosomwa, kiungo kisichopimwa, jeraha la zamani lililodhaniwa tu. Liombe sababu kwa maandishi. Liwasilishwe likiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa maana siku 60 zinahesabiwa, na baadaye siku 30 za rufaa zinahesabiwa kuanzia siku jibu la Mkurugenzi lilipomfikia, na mawakili wa bima watazihesabu kabla ya kusoma kitu kingine chochote.